Mwanangu amebaleghe na hofu imetuzidi sote wawili: je, ni mimi ninayemwambukiza?

*"Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Wete, Pemba. Mwanangu wa pili ana miaka 15 na ana usonji (autism). Tuliambiwa hivyo alipokuwa na miaka minane. Husema maneno machache lakini anaelewa. Alikuwa mtulivu. Tokea mwaka jana, sauti ilipoanza kuwa nzito, amebadilika. Hataki skuli, nikimvalisha sare tu anajiuma mkono. Usiku ananiuliza 'Baba anakuja kesho?' mpaka nachoka kumjibu. Baba yake anafanya kazi Unguja, huja mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita alimpiga mdogo wake, na usiku mmoja alitoka tukamkuta karibu na bandari. Tokea hapo silali. Naamka kuangalia komeo, moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka, mpaka niisikie adhana ya alfajiri ndipo napata kupumua. Mama mkwe anasema kijana ana kitu, apelekwe kwa mtu. Mume wangu anasema nimemdekeza. Jirani ana vidonge vya usingizi, kaniambia nimpe nusu. Ninachotaka kujua ni hiki: ni hofu yangu ndiyo inayomharibu mwanangu? Nifanye nini?"*

Waalaykumu ssalam, dada yangu.

Nianze na vidonge, kwa sababu hilo halingoji. Usimpe, si nusu wala robo. Vikiwa ni vya jamii ya diazepam, kama vilivyo vingi vya aina hiyo, vinaweza kumlevya na kumwangusha, na kwa baadhi ya vijana wenye usonji hufanya kinyume kabisa: badala ya kulala anachachamaa zaidi. Mwili ukishavizoea, kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Na wewe pia usivimeze. Najua usiku wa tatu bila usingizi mtu hukitazama kile kidonge kwa tamaa, lakini dawa ya usingizi wako tutaizungumza huko mbele, na ni nyengine.

Sasa swali lako. Ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na nadhani ndiyo maana linakukaba koo. La kwanza ni kama wewe ndiye uliyemsababishia hali yake. Hapana. Usonji unatokana na namna ubongo unavyojijenga tokea mtoto yumo tumboni, na sehemu kubwa ni urithi wa damu, wa pande zote mbili. Leo Kanner alipouandika kwa mara ya kwanza kule Marekani mwaka 1943, haukupita muda wataalamu wakaanza kuwatwika kina mama lawama, wakadai watoto wamekuwa hivyo kwa sababu mama zao ni baridi, hawana mapenzi. Kina mama waliubeba uongo huo miaka na miaka. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, akatoa kitabu kilichoibomoa hoja hiyo. Kwa hiyo mume wako anaposema umemdekeza, anarudia kwa upole jambo lililokwishakataliwa na elimu kabla hajazaliwa. Mwambie hivyo, ila usimwambie mbele ya mama yake.

Swali la pili ni kama hofu yako inamfikia. Hapa sitakudanganya: inamfikia. Kijana wako huenda hausomi uso wako kama binti yako anavyousoma, lakini sauti ikipanda anaisikia, hatua zikienda haraka anazisikia, na ukiamka mara saba kulitikisa komeo anajua kuwa usiku wa leo si kama usiku mwengine. Kwa mtu anayeishi kwa utaratibu, hiyo ni habari nzito. Ila ya kwake nayo inakufikia wewe. Anajiuma, wewe unatetemeka, unapandisha sauti, yeye anazidi kujiuma. Haya mambo yanalishana, na anayeuliza nani alianza anapoteza muda. Duara la namna hiyo hukatwa popote lilipo jepesi kukatwa, na mara nyingi pepesi ni kwa mtu mzima.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachomsibu yeye. Katika kila vijana kumi wenye usonji, takriban wanne wana wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa, juu ya usonji wenyewe. Wengi hawawezi kukwambia "naogopa". Hofu hutokea kwa njia ya mwili: tumbo linauma, mkono unaumwa meno, mdogo mtu anapigwa. Nyumba nzima inaona ujeuri, na ndani yake mna mtu aliyetishika.

Kwa nini sasa? Tazama mwaka wake ulivyokuwa. Mwili umebadilika bila kumwomba ruhusa: nywele, jasho, ndoto, sauti ambayo hata yeye haijui kuwa ni yake. Huko skuli, aliyekuwa na mwalimu mmoja sasa ana walimu wengi, vipindi vinabadilika, wenzake wameanza utani wa maneno yenye maana mbili asioufahamu. Watu wanaomwona njiani hawamwoni tena mtoto wa kuhurumiwa, wanamwona kijana mrefu anayepiga makofi peke yake, wanamkwepa au wanamcheka. Ubongo wa usonji unahitaji kujua nini kinafuata ili utulie, na kwake yeye mwaka huu karibu kila kitu kimekuwa hakijulikani.

Ndiyo maana ya lile swali la usiku. "Baba anakuja kesho?" Jibu lako analijua. Anachokitafuta ni ile raha ndogo inayokuja ukimjibu, na raha hiyo inakaa dakika mbili tatu halafu hofu inarudi na njaa zaidi. Kwa hiyo kumjibu mara hamsini hakumtulizi, na kumnyamazia au kumkaripia ni kumwacha peke yake na hofu. Litoe jibu mdomoni mwako uliweke ukutani. Chukua karatasi ya kalenda ya mwezi, igongomee pale anapolala, urefu wa macho yake. Siku ya baba kuja, chora boti. Kila baada ya sala ya isha, kalamu aishike yeye mwenyewe, akate siku iliyopita. Akiuliza, mjibu mara moja kwa sauti ya kawaida. Akiuliza tena, mpeleke kwenye kalenda, akuonyeshe yeye kwa kidole. Wiki ya kwanza atauliza zaidi kuliko zamani, usivunjike moyo.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa visiwani na boti huahirishwa bahari ikichafuka, mfundishe na hilo mapema. Ichague rangi moja, tuseme ya manjano, iwe ndiyo rangi ya "bado hatujui". Siku ya boti na siku inayofuata zitie manjano zote mbili. Usimwahidi tarehe usiyoimiliki. Anza na mambo madogo yasiyouma: leo jioni ni muhogo au ndizi, bado hatujui, tutajua baada ya alasiri. Anajifunza kwamba kutojua kunavumilika, na hakuna somo kubwa zaidi ya hilo kwa kijana mwenye wasiwasi. Baba naye achague saa moja ya kupiga simu na asiivunje. Simu ya dakika tatu kila siku saa ile ile inamfaa zaidi kuliko saa nzima siku anayokumbuka.

Kabla ya kwenda mbali lakini, mwili. Kijana asiyeweza kueleza maumivu akibadilika, mtu wa kwanza kumwona ni daktari wa kawaida. Jino lililooza, sikio, choo kigumu cha siku nyingi, kichwa, vyote hivi nimeviona vikiitwa "tabia". Mwambie daktari pia kama kuna nyakati anakodoa macho na haitiki akiitwa, au anashtuka viungo usingizini, kwa sababu kifafa huwapata watu wenye usonji kuliko wengine, na umri wa baleghe ni mmoja wa nyakati kinapoanza.

Skuli. Usimburure, wala usimwachie akae nyumbani moja kwa moja. Tenganisha mambo mawili. Kuna mzigo, yaani kitu kinachomuumiza kweli: kengele, kelele za darasa la watoto wengi, choo kichafu, mtu anayemdhihaki, mwalimu mwenye bakora. Mzigo unaondolewa, hazoeshwi mtu kuumia. Kuna na hofu, yaani woga uliobaki hata mzigo ukishaondoka, na hofu ukiikimbia kila siku inanenepa. Nenda kakae nyuma ya darasa asubuhi moja bila yeye, usikilize kwa masikio yake. Zungumza na mwalimu mkuu, ukiona hupati jibu uliza juu ya elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, kwani Wizara ya Elimu ya Zanzibar inaitambua na ina watu wa kazi hiyo. Halafu arudi kwa vipande: wiki hii sare avae nyumbani tu nusu saa kisha aivue, inayofuata afike mpaka getini arudi, kisha kipindi kimoja anachokipenda. Akikwama, rudi hatua moja nyuma. Ni kazi ya miezi, na najua hakuna anayekulipa kwa kuifanya.

Anaporipuka, maneno yako yapungue. Wakati huo hofu imeshajaa mwilini kama maji ya bamvua, na maji yaliyojaa hayasemezwi yakupwe, yanangojwa. Watoe wadogo chumbani, ondoa kinachovunjika, simama pembeni yake usimzibe mlango, sema neno moja mnalolijua nyote wawili, "nipo" linatosha. Usimshike isipokuwa anajihatarisha. Usimpige. Fimbo humwongezea hofu mtu ambaye ugonjwa wake ni hofu, na mwakani atakuwa na nguvu kukushinda, atakuwa ameshajifunza kuwa mkubwa humpiga mdogo. Mazungumzo ya "kwa nini umempiga mdogo wako" yangoje kesho yake, kwa picha au kwa kuandika, yakiwa mafupi.

Mama mkwe. Sikushauri ugombane naye, na wala sioni ubaya kijana kusomewa Qur'ani kwa sauti ya taratibu, nyumbani, na mtu anayemjua, wengine huwatuliza. Ninachokikataa ni kufungiwa chumbani kwa mafusho, kuchanjwa, kufungwa kamba, kuchapwa ati kitu kitoke, na kuambiwa asiende hospitali mpaka "wenyewe" waridhike. Nimewaona vijana waliorudi huko na hofu mbili badala ya moja. Mpe bibi kazi iliyo bora zaidi. Msimu wa karafuu, kuchambua karafuu na vikonyo juu ya jamvi ni kazi ya kurudiarudia, ya vidole, ya harufu ile ile, haina maneno mengi. Vijana wengi kama wako huipenda na huifanya kwa umakini kuliko sisi. Bibi na mjukuu jamvini saa moja baada ya alasiri, na wewe saa hiyo ulale. Nje ya msimu mtatafuta nyengine, kuchagua mchele au kusuka ukili.

Kuna jambo hukuliuliza, na kina mama wengi hawaliulizi kwa haya. Kijana amebaleghe. Anahitaji kuambiwa wazi, kwa maneno ya kawaida, kwamba kuota usiku si ugonjwa, kwamba sehemu za siri haziguswi ukumbini wala madrasa, zina mahali pake, chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa, na kwamba hakuna mtu mwengine anayeruhusiwa kumgusa hapo, akiwa mwalimu au jamaa. Vijana wenye ulemavu hudhulumiwa zaidi kwa sababu watu wanajua hawatasema. Somo hili ni la baba yake. Picha za hatua za josho zibandikwe ukuta wa chooni, moja hadi ya mwisho. Lipi la ibada ni wajibu kwake na lipi limenyanyuliwa, mwulizeni sheikh mnayemwamini, baada ya kumweleza vizuri kijana anaelewa nini. Mtu asijibu kabla hajamjua.

Na lile la bandari. Hapa hofu yako ina haki, sitaki kukuambia tulia. Maji ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwa mtoto mwenye usonji anayetoka bila watu kujua. Lakini hofu yenye haki inatakiwa iishie kwenye kazi. Tundika kengele ndogo mlangoni, itakayolia mlango ukifunguliwa. Mjulishe sheha, jirani wa kulia na wa kushoto, na wavuvi wanaoshinda pale pwani. Wape namba yako na uwaambie wamwite jina polepole, wasimkimbize. Tafuta mtu wa kumfundisha kuogelea. Na mtazame alikuwa anaendea nini: mimi nakisia alikwenda kumngoja baba. Kama ni hivyo, kumpeleka bandarini mchana siku maalumu, iliyochorwa kwenye kalenda, kutamfaa kuliko komeo la pili.

Kengele ikishakaa, komeo likaguliwe mara moja tu, kabla ya kulala, kwa kuligusa na kusema kwa sauti "limefungwa". Ukiamka usiku na hamu ya kwenda kuangalia, usiende. Dakika za mwanzo zitakuwa ngumu sana. Kisha hofu itashuka yenyewe, na usiku wa pili na wa tatu itashuka mapema zaidi. Wewe na mwanao mna mtego mmoja: yeye anauliza mara hamsini, wewe unalitikisa komeo mara saba, na kila mkipata raha ya dakika mbili mnajifundisha kuihitaji tena.

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi kwa wiki nyingi, hayo dada yangu yana jina na yana tiba. Mwanzo upimwe damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyozidi kazi nazo huupeleka moyo mbio. Vikiwa salama, tunazungumza ugonjwa wa wasiwasi, unaowapata wazazi wa watoto wenye usonji kuliko wazazi wengine na usiohusiana na udhaifu wa imani. Mazungumzo ya tiba na mtaalamu husaidia, na zipo dawa ambazo si za kulevya, huchukua wiki kadhaa kuanza kazi. Kwa sasa, moyo unapokimbia, vuta pumzi kwa puani ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita au nane, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoushusha moyo. Na usingizi uwe wa zamu. Sijali nani atakushika mkono, dada yako, binti mkubwa siku za mapumziko, mume wako anapokuja, lakini usiku mbili kwa wiki lala wewe chumba cha mbali. Mwanao anahitaji sauti yako iliyolala.

Dawa kwa ajili yake? Hakuna dawa inayoondoa usonji, na anayekuuzia hiyo anakuibia. Zipo za kusaidia baadhi ya mambo. Melatonini huwasaidia vijana wengi wenye usonji kushikwa na usingizi, kwa kipimo cha daktari. Risperidoni hupunguza ukali uliokithiri, lakini huongeza uzito na kuvuruga homoni, kwa hiyo ni ya pale kujiumiza au kuumiza wengine kumeshindikana kwa njia nyengine, na iangaliwe upya kila miezi michache. Dawa za wasiwasi huwafaa baadhi, kwa watu wenye usonji ushahidi wake si wa nguvu sana, na zikitumika huanzwa kidogokidogo. Kwa ulichonieleza, mimi ningeanza na kalenda, skuli, mwili na usingizi wako, na kumpa hayo wiki sita mpaka nane.

Msingoje wiki hizo akipata degedege, akijigonga kichwa, akikataa kula na kunywa, akisema anataka kufa, au wewe mwenyewe ukianza kuwaza kuwa afadhali usiwepo. Hayo ni ya siku hiyo hiyo. Anzeni Hospitali ya Wete au ya Chake Chake, au ya Abdalla Mzee Mkoani kama mko huko, na muombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Mkielekezwa Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Unguja, nendeni. Najua jina hilo linavyotajwa kwa kicheko barazani, lakini wanaocheka hawalali na kijana wako.

Kama si dharura hizo, kabla ya kwenda nunua daftari la mistari. Kwa wiki mbili andika kila anaporipuka: saa ngapi, nini kilitangulia, alikula nini, alilala saa ngapi, ilikwishaje. Upande wa pili wa ukurasa andika usingizi wako na mara ngapi moyo ulikimbia. Daktari ana dakika chache na foleni ndefu, na wewe ukiingia pale utasahau nusu ya ulichokuja nacho. Mpe daftari alisome, kisha umuulize mambo mawili: maumivu gani tumeyaangalia na yepi bado, na nani atatuona tena, tarehe ipi. Tarehe hiyo nayo ikaingie kwenye kalenda ya ukutani.